Amu au Malindi: tukistaafu tukae wapi?

Imebaki miaka miwili nifike 60, umri ambao mwalimu wa serikali hapa Kenya huweka chaki chini, atake asitake. Nafundisha shule ya msingi Malindi. Nilifika mji huu na mtoto mgongoni, na mtoto huyo leo naye ni mama wa watoto wawili. Mume wangu ni seremala. Hana tarehe ya kustaafu wala pensheni. Macho na mikono yake ndiyo itakayomwambia basi. Ni mtu wa Amu, yaani kisiwani Lamu, kwao mtaa wa Mkomani, na tangu mwaka jana kila tukimaliza kula usiku swali lake ni lile lile: "Ukiacha kazi, si twende nyumbani?"

Kwake yeye nyumbani ni mahali pamoja tu. Mimi nimezaliwa Witu, nimeolewa Amu na kuzeeka Malindi, kwa hivyo jibu halinitoki kwa urahisi hivyo. Nimelipima jambo hili mwaka mzima, nikiuliza waliotangulia, nikihesabu, nikikaa huku na kule. Naandika kwa ajili ya wenzangu walio kwenye njia panda hii: watu wa Amu, Siyu, Faza na Witu waliokuja Malindi kikazi wakajenga, na sasa wanavutwa pande mbili. Na kitu kimoja nimekiona mapema. Wengi wetu tunachagua mji wa kustaafia kwa macho ya mtu wa miaka 60, naye mtu wa 60 anaweza kukaa popote. Mpime yule wa 75. Huyo ndiye atakayepanda ngazi na kuvuka maji.

Pesa

Tuanze hapa kwa sababu ndipo kila mtu anapoanzia. Mwalimu aliyekuwa na miaka 45 au zaidi Januari 2021 alibaki kwenye pensheni ya zamani asipojihamisha mwenyewe. Walio chini ya hapo waliingizwa kwenye mfuko mpya wa kuchangia, ambamo mtumishi anatoa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali inatia 15. Mimi ni wa zamani. Hesabu yetu ni hii: mshahara wa msingi wa mwaka, zidisha kwa miezi uliyotumikia, gawanya kwa 480. Tuseme mshahara wa mwezi ni 60,000 na umefundisha miaka 30, yaani miezi 360. Pensheni ya mwaka inakuwa 540,000. Ukiomba robo yake kwa mkupuo, kama wengi wafanyavyo, ile robo ya 135,000 inazidishwa kwa 20. Unapewa 2,700,000 mkononi, kisha kila mwezi unabaki na 33,750.

Hizo elfu thelathini na tatu na kitu ndizo za kupimia mji. Milioni zitakwenda, zina wenyewe wanaozingojea, deni la sacco likiwa la kwanza.

Malindi, pesa yangu inakwenda kwa nauli na maji. Tuktuk kwenda sokoni, tuktuk kwenda kliniki, tuktuk ya kumfikia mgonjwa upande wa pili wa mji. Maji ya mfereji yanatoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na yakikatika unaita mkokoteni wa madumu. Amu nauli haipo kabisa. Mji mzima unakwenda kwa miguu, mzigo unabebwa na punda au hamali, na kutoka Mkomani hadi Langoni hakuna aliyewahi kupanda kitu ila kwa ugonjwa. Lakini kila mfuko wa saruji, kila gunia la vitunguu na kila mtungi wa gesi umevushwa kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, na kila mkono ulioupokea umelipwa. Maji nayo yana mambo yake: ya mji yanatoka kwenye visima vya matuta ya mchanga ya Shela, na kisima cha ndani ya nyumba mara nyingi kina chumvi, unaogea na kufulia, huchemshii chai. (Malindi nayo ina Shela yake, mtaa wa kale wa Waswahili karibu na bahari. Ukimwambia mtu wa Amu unakaa Shela, mwambie Shela gani.)

Disemba iliyopita tulikaa Amu mwezi mzima kana kwamba nimeshastaafu, na niliandika kila shilingi kwenye daftari. Jumla ilikaribiana sana na ya Malindi. Tofauti ilikuwa mahali ilipokwenda. Amu ilikwenda kwenye bidhaa za dukani na kwa watu: mchango wa harusi mbili, hitima moja, mtoto wa wifi anayekwenda chuo, jirani aliyekuja kukopa akiwa na haya mpaka huwezi kumnyima. Ukiingia Amu na kiinua mgongo, mji umeshajua kabla hujashuka gatini. Silaumu. Ndivyo jamaa walivyo, na siku yangu itakapofika hao hao ndio watakaonikosha na kunizika. Ila mstaafu anayekwenda Amu aitenge pesa ya watu tangu mwanzo, aiite kwa jina lake, asiseme ilipotea.

Kuhusu kuitegemea nyumba ikulishe: ya Malindi ukiipangisha kwa walimu, wauguzi na makarani, kodi ni ndogo lakini inakuja mwezi kwa mwezi. Ya Amu watu wanaipangisha kwa wageni, na mwezi mzuri mmoja unaweza kukulipa kuliko minne ya Malindi. Lakini kumbuka 2014, baada ya shambulio la Mpeketoni, marufuku ya kutembea usiku na hoteli tupu. Kumbuka 2020 na korona. Hata katika mwaka wa amani, tangu masika yaanze Aprili mpaka upepo wa kusi utulie, wageni ni wa kuhesabu. Mwenye pensheni ndogo asitegemee mgeni. Ikija ni heri, isipokuja chakula kiwe kipo.

Nyumba, na ngazi zake

Hapa ndipo mume wangu aliponishinda mara ya kwanza. Nyumba ya mamake ni ya mawe ya kale: kuta nene za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu, zidaka ukutani, kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati kinachoingiza mwanga. Kaskazi likiwaka mwezi wa pili, ndani ni baridi kama mtungini. Nyumba yetu ya Malindi ni ya matofali na mabati, na saa nane mchana feni inazungusha joto tu. Usiku wa Februari nimewahi kutoka na mkeka nikalala barazani.

Lakini nyumba zile zilijengwa ili watu wakae juu. Chini palikuwa ghala na pa wageni. Ndani hasa, panapolala wenyewe, ni ghorofani. Ngazi ni nyembamba, ndefu kwa kila hatua, zina kona, na hakuna pa kushika. Nilizipanda mwezi ule mara kumi kwa siku, na ilipofika wiki ya pili goti la kushoto lilianza kuniambia habari zake. Mimi nina 58. Mavyaa wangu, Mungu amrehemu, miaka yake mitano ya mwisho hakushuka isipokuwa kwa kubebwa. Mji ulikuwa chini ya dirisha lake, anasikia sauti za watu anaowajua, na hawezi kuwafikia.

Dawa yake ipo: hamia chini. Chumba cha chini kifunguliwe, kipakwe upya, choo kiletwe karibu. Kazi hiyo itafanywa kwa chokaa. Nimeona nyumba tatu za jirani zilizopakwa saruji kwa haraka. Ukuta wa matumbawe unataka kupumua, saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu michache plasta inabanduka mapande. Fundi wa chokaa ni ghali na hana haraka. Tena mji wa kale umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hivyo usibomoe wala usiongeze dirisha kabla ya kuuliza na kupata ruhusa.

Kisha kuna jambo ambalo watu wanaona aibu kulisema. Nyumba ile ni ya urithi. Mume wangu ana ndugu wanne, na tangu mavyaa afariki haijagawanywa. Wenzangu wawili wamemwaga kiinua mgongo chao kwenye nyumba za namna hii, wakapaka, wakaezeka, wakaweka vigae, halafu ndugu akaja akadai fungu lake, na kwa haki. Kabla ya kuweka hata mfuko mmoja wa chokaa, kaeni kitako, mwende kwa Kadhi, kila mtu ajue sehemu yake kwa maandishi. Mume wangu lilimwuma nilipolisema. Baada ya siku tatu akanambia, "Umesema kweli, mama watoto," akampigia dada yake mkubwa.

Malindi nayo haijasalimika. Huku ugomvi ni wa ardhi yenyewe. Viwanja vingi vimeuzwa kwa karatasi ya kuandikishiana tu, mwenye hati yuko mbali au hajulikani, na watu wamejenga juu ya shamba la mtu miaka arubaini. Kama bado hujajenga na unataka kuingiza mkupuo wako huku, fanya uchunguzi kwenye ofisi ya ardhi kwanza, hata kama anayekuuzia ni mtu wa msikitini kwako. Sisi tulibahatika kupata hati. Hilo peke yake ni sababu moja ya kubaki.

Usiku wa mavyaa

Nimeiweka hospitali kando ya mambo mengine kwa sababu ndiyo iliyonigeuza.

Amu ina hospitali ya rufaa ya kaunti, King Fahd, mjini penyewe. Malindi ina hospitali kubwa ya serikali na za watu binafsi kadhaa. Kwa shinikizo la damu, kwa sukari, kwa homa, kote utahudumiwa. Tofauti inatokea siku unapoambiwa, "Huyu apelekwe Mombasa." Kutoka Malindi ni kilomita kama 120, barabara moja, gari linatoka mlangoni kwako. Kutoka Amu ni zaidi ya kilomita 300, na kabla ya hizo kuna maji.

Mavyaa alianguka ngazini mwezi wa saba, usiku wa kusi. Nyonga ilivunjika. Alitulizwa maumivu, ikaamuliwa apelekwe Mombasa akapasuliwe. Hakuna aliyekosea usiku ule. Kila mtu alifanya lake. Lakini tulingoja kuche. Alfajiri tulimshusha kwenye ngazi zile zile zilizomwangusha, vijana wanne na godoro, mpaka gatini. Maji yalikuwa yametoka, ngazi za gati zimeota ukoko, wanamshusha hatua kwa hatua huku bahari inaipiga mashua. Hakulia. Alikuwa anasoma Kurani, na kila wimbi lilipopiga sauti ilikatika kisha ikaanza tena pale pale ilipokatikia. Kisha Mokowe, kisha gari, Witu, Garsen, Malindi. Tulipopita Malindi nilitazama nje nikaona njia ya kwetu. Bado safari ilikuwa na kilomita mia na ushei.

Alipona, akaishi miaka mitano. Mimi safari ile sijaimaliza.

Barabara yenyewe siku hizi ni lami, na ni jambo la kushukuru kwa sisi tuliokuwa tukisukuma basi kwenye tope la Witu. Lakini mvua za Novemba 2023 zilifurika zikaikata upande wa Garsen na Lamu, mabasi yakasimama. Ndege zipo, kutoka Manda. Kwa pensheni ya 33,750, ndege ni ya dharura tu, na dharura moja inakula miezi.

La bima ni lile lile kote, ila lijue mapema. Ukiwa kazini SHA, bima ya afya ya serikali, wanakata asilimia 2.75 ya mshahara wote na huhisi. Ukitoka, unapimwa kipato, mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi, na unalipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Mimi nimeamua pesa ya miaka mitatu, yangu na ya mume wangu, nitaitenga siku ile ile kiinua mgongo kitakapoingia.

Anayebisha hodi

Hapa Malindi inashindwa, na inashindwa vibaya. Muhula uliopita niliugua siku tatu. Mume wangu alikuwa kazini Watamu, binti yuko kwake. Siku tatu nzima aliyebisha hodi ni kijana wa maji. Majirani zangu si watu wabaya; wanatoka alfajiri, wanarudi usiku, kama mimi mwenyewe nilivyokuwa miaka yote hii. Ndipo nilipoona kwamba watu wangu wote wa Malindi wako shuleni. Siku nitakapokabidhi funguo za kabati la darasa, nitawakabidhi na wao.

Amu, kabla hujamaliza kikombe cha kwanza, watatu wamepiga hodi. Mmoja ameleta mkate wa mofa, mmoja anauliza umeamkaje, mmoja hana neno, amekuja kukaa. Kwa mume wangu ni zaidi. Anatoka msikitini alfajiri, anakaa barazani na wenziwe aliosoma nao chuo cha Kurani, wanamwita jina la utotoni ambalo mimi silitumii. Mwezi ule nilimwona akitembea kwa namna nyingine. Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, ukifika na maulidi ya msikiti wa Riyadha, mji unajaa wageni kutoka kila pwani, na mzee wa 80 ana kazi yake ya kufanya na mahali pake pa kukaa. Malindi mzee wa 80 anakaa mbele ya televisheni.

Lakini nitasema na upande wangu, kwa maana wanawake wengi watautambua. Malindi mimi ni mwenye nyumba. Nikiamua leo hatupiki, hatupiki. Amu mimi ni mkaza mwana, hata na mvi zangu. Wifi zangu ni watu wema, nami nawapenda, lakini jiko ni lao, na kila jambo lina namna linavyofanywa tangu enzi za mama. Kuwa mgeni wa heshima mwezi mmoja ni raha. Miaka ishirini ni kitu kingine, na mume hawezi kuliona hilo kwa sababu yeye ni mtoto wa nyumba.

Kazi ya mkono

Hili halina marefu. Mimi nitafundisha watoto wachache kusoma jioni, na wazazi wanaohitaji hilo wapo miji yote miwili. Mume wangu Malindi anapata kazi za milango na vitanda kutoka nyumba za wageni mpaka Watamu. Amu mafundi wa kuchonga ni wengi na wazuri kuliko yeye, mwenyewe anasema. Kwa kuwa hana pensheni, na Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, inangoja mtu afike miaka 70, kazi yake si ya kupuuzwa. Kuku na minazi michache tunaweza kuwa nayo Malindi, nyuma ya nyumba. Mkomani pa kufuga ni juu ya paa tu.

Tulivyokubaliana

Ukiniuliza wewe ufanye nini, nitakuuliza mambo matatu. Nani katika nyumba ana ugonjwa unaomrudisha hospitali kila mwezi? Nyumba ya Amu ina chumba cha chini, na ni ya nani kwa maandishi? Na ukiugua siku tatu, nani atakayebisha hodi? Kama wote wazima, chumba cha chini kipo na fungu lako linajulikana, nenda Amu, nenda mapema ukiwa bado una miguu ya kuwazungukia watu, usingoje ubebwe. Kama kuna mgonjwa wa kliniki, kaa Malindi, lakini anza leo kutafuta watu nje ya kazi: darasa la msikitini, chama cha mtaani, jirani mmoja wa kunywa naye chai.

Sisi tuna mgonjwa. Sukari ya mume wangu ilianza miaka sita iliyopita. Kwa hivyo tumechagua Malindi, naye amekubali kwa masharti mawili: Ramadhani yote na Mfungo Sita tuwe Amu, na chumba cha chini cha Mkomani kitengenezwe, mirathi ikishapita kwa Kadhi, kwa pesa za ndugu wote na si zangu peke yangu. Nami nimeweka langu, kwamba Amu tutakuwa na jiko letu, hata likiwa la kichomeo kimoja.

Mwezi huu tumeondoa kizingiti cha choo cha Malindi, ili mtu apite bila kuinua mguu. Barazani kuna mbao za mvule zimesimamishwa ukutani. Mume wangu anachonga kitanda, kifupi kuliko cha kawaida, mtu akae na nyayo zake ziguse sakafu. Nilidhani ni chetu cha hapa. Ananambia hiki ni cha Amu. Cha hapa kinafuata.